Viatu vya bure na matajiri wa mafuta: nani hasa anasajili vijana wa futiboli ya vyuo vikuu Marekani?

#1 Mjomba wa Dallas (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aupitie baadaye. Nauandika kwa ajili ya ndugu zetu walioko Marekani wenye watoto wanaocheza, na kwa mdau yeyote anayetaka kujua pesa za michezo ya vyuo kule zinatembea vipi.

Nipo Dallas, Texas, mwaka wa 14 huu. Dada yangu anakaa mtaa wa pili. Mwanawe ana miaka 16, mrefu kama mlingoti, mbio anazo, na anacheza futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira wenye umbo la yai na kofia ngumu. Kazi yake ni kukimbia mbele na kudaka. Mwezi wa pili alirudi nyumbani na begi jipya. Ndani jozi mbili za viatu, glavu, sweta la kofia, vyote vya kampuni moja kubwa ya viatu. Dada akauliza nani kanunua. "Ni vya timu, mama." Timu yenyewe si ya shule. Ni ya mtaani, wanacheza saba kwa saba wikendi, na vifaa vyote wanapewa.

Wiki tatu baadaye akaja mgeni. Kijana mtanashati, mpole, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Dada akamwekea chapati na maharage, akala, akasifu. Halafu akatoa karatasi kwenye mkoba, kurasa 6. Akasema ni fomu ya kumlinda mtoto. Mimi nimefanya kazi ya bima miaka 9, nikaomba niisome kwanza. Ukurasa wa 4, katikati, kwa herufi ndogo: asilimia 20 ya mapato yote ya dogo yatakayotokana na jina na sura yake, kwa miaka mitano tangu aingie chuo.

Nikamuuliza, "Wewe leo unalipwa na nani?" Akatabasamu, akasema yeye ni mtu wa familia. Nikarudia swali. Akaanza kukusanya karatasi zake, moja akaiacha mezani ili "tuifikirie".

Swali lile halijaniacha. Nimefuatilia kesi za zamani na za sasa, na kila nikichimba nakutana nalo. Naendelea chini.

#2 Mjomba wa Dallas

Nianze na jirani. Kutoka kwa dada hadi chuo cha SMU (Southern Methodist University) ni dakika 25 kwa gari. Miaka ya 1980 mwanzoni SMU walikuwa moto. Wafanyabiashara wa Dallas, wa mafuta na wa viwanja, walikuwa wanakipenda chuo chao kupita kiasi, na vijana waliokuwa wanakuja kucheza walikuwa wanapewa pesa za siri. Chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kikawaadhibu 1985. Hawakuacha. Uchunguzi uliofuata ukakuta wachezaji 13 walilipwa jumla ya dola 61,000, kuanzia dola 50 hadi 725 kwa mwezi, kutoka kwa mfadhili mmoja.

Februari 25, 1987 NCAA ikafuta msimu mzima wa mwaka ule. Wenyewe wanaiita hukumu ya kifo, na hakuna timu nyingine ya futiboli ya daraja la juu iliyowahi kupewa adhabu hiyo. Msimu wa 1988 chuo chenyewe kikajitoa. Naye Bill Clements, gavana wa Texas aliyekuwa ameongoza bodi ya chuo, akakiri kwamba wakubwa walijua, na waliamua malipo yaendelee kwa vijana waliokwisha kuahidiwa, mpaka wamalize. SMU hawakurudi kwenye mechi za heshima za mwisho wa msimu hadi 2009.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Septemba 2023 SMU wakakubaliwa kuingia ACC, moja ya ligi kubwa za vyuo, kwa sharti la kutogusa pesa za televisheni za ligi hiyo kwa miaka 9. Wakakubali, kwa sababu matajiri wao wapo. Ndani ya wiki moja wafadhili wakaahidi dola milioni 100. Desemba 2024 wakacheza mchujo wa ubingwa wa taifa.

Chuo ni kilekile na mji ni uleule. Dola 61,000 ziliiua timu, milioni 100 zimeifufua. Ninayemhurumia ni kijana wa 1986 aliyepokea dola 200 amtumie mama yake, akaambiwa mhalifu maisha yake yote.

#3 Binti Kigamboni

Mkuu, mbona kama usajili wa Kariakoo tu? Tajiri anaweka mkwanja, mchezaji anakuja, mashabiki wanafurahi. Tofauti iko wapi?

#4 Mjomba wa Dallas

Swali zuri. Tofauti ni kwamba klabu inamsajili mchezaji kwa mkataba, na mchezaji anajua ni ajira. Huku timu ni ya chuo kikuu. Kwa miaka mingi msimamo ulikuwa kwamba yule ni mwanafunzi, analipwa ada, chumba na chakula, basi. Kocha analipwa mamilioni, televisheni inalipa mamilioni, kampuni ya jezi inalipa mamilioni, na kijana akiuza jezi yake mwenyewe anafungiwa. A.J. Green wa chuo cha Georgia mwaka 2010 aliuza jezi yake kwa dola 1,000, akakosa mechi nne.

Pesa isiyoruhusiwa kuingia mlangoni ikawa inaingia dirishani. Na ya dirishani hujui nani kaichukua njiani. Pale Memphis kulikuwa na beki hodari wa sekondari anaitwa Albert Means. Tajiri mmoja shabiki wa timu ya chuo cha Alabama, Logan Young, alishtakiwa kwa kutoa dola 150,000 ili kijana aende Alabama. Pesa alipewa nani? Kocha wa sekondari wa yule kijana. Kocha akakiri mahakamani, Young akatiwa hatiani 2005. Yaani kijana aliuzwa na mtu aliyekuwa anamwita baba wa uwanjani.

Hilo ndilo linalonikaba kila ninapomfikiria yule mgeni aliyekula chapati za dada.

#5 Mwalimu wa Iringa

Nashukuru kwa uzi, nimesoma yote. Ila umeanza na viatu ukaviacha. Kampuni za viatu zinaingiaje kwenye usajili? Wao si wanauza jezi tu?

#6 Mjomba wa Dallas

Mwalimu, hapo ndipo penyewe.

Chukua chuo cha Oregon. Phil Knight alisoma pale, akakimbia riadha chini ya kocha Bill Bowerman, na mwaka 1964 wawili hao wakaanzisha kampuni iliyokuja kuwa Nike. Januari 1, 1996 Oregon walichapwa 38 kwa 6 na Colorado kwenye mechi ya heshima ya Cotton Bowl, hapahapa Dallas. Knight akamuuliza kocha Mike Bellotti anahitaji nini ili timu ipande. Kocha akasema ukumbi wa ndani wa mazoezi, maana Oregon mvua haikatiki. Ukajengwa, ukafunguliwa 1998. Baadaye likaja jengo la Hatfield-Dowlin, 2013, lililotajwa kuwa la dola milioni 68. Na jezi! Kila wiki rangi mpya, kofia mpya, za kung'aa. Kijana wa miaka 17 wa California au Texas akiona vile, hakumbuki hata kwamba Oregon haikuwa timu ya maana miaka ya 1980.

Hakuna sheria iliyovunjwa hapo. Tajiri hakumpa kijana senti, alimjengea mahali pa kupenda. Ndivyo kampuni ya viatu inavyosajili bila kuitwa msajili.

Lakini mkono unaotoa unaweza pia kuvutwa. Mwaka 2000 Oregon walijiunga na shirika linalofuatilia haki za wafanyakazi wa viwanda vya nguo za vyuo. Knight akakasirika, akasimamisha dola milioni 30 alizotaka kuchangia upanuzi wa uwanja. Chuo baadaye kikajitoa kwenye lile shirika, na pesa zikarudi.

Sehemu ya pili ni kule chini, sekondari na kambi za majira ya joto. Kampuni inavalisha timu za mtaani, inaandaa kambi za wanaotazamwa zaidi, makocha wa mtaani wanapewa vifaa na safari. Kijana anakuwa mtu wa chapa fulani kabla hajajua anataka kusomea nini, na vyuo vingi navyo vina mkataba na chapa mojawapo. Kwenye mpira wa kikapu hili lilifika mahakamani. Septemba 2017 serikali ya shirikisho ilikamata watu kadhaa, na Oktoba 2018 James Gatto, aliyekuwa mkubwa wa Adidas kwa upande wa kikapu, akatiwa hatiani pamoja na wenzake wawili kwa mpango wa kupeleka pesa kwa familia za vijana ili waende vyuo vinavyovaa Adidas. Familia moja iliahidiwa dola 100,000 ili mtoto aende Louisville. Chuo hicho mwaka uleule kilikuwa kimeongeza mkataba na Adidas wa dola milioni 160 kwa miaka 10. Hesabu hizo mbili ziweke bega kwa bega, mwalimu.

#7 Mama Athi River

Hapo kwa wafanyakazi wa viwanda umenigusa. Mimi nilishona nguo za kwenda Marekani pale EPZ, eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje, Athi River miaka sita. Lengo la siku likikupiga chenga, msimamizi anakusimamia kichwani mpaka mikono inatetemeka. Hatukuwahi kujua nguo inaishia kwa nani. Leo nasikia chuo kikuu kizima kimenyamazishwa kwa sababu kiliuliza mambo yetu sisi washonaji. Mwandike hayo pia, msiandike tu juu ya wachezaji.

#8 Mjomba wa Dallas

Mama yangu, nimekusikia, na asante. Nilipokuwa naisoma habari ile nilimfikiria mchezaji tu. Umenionyesha mwingine.

#9 Kijana wa Tandale

Mkuu naomba kupingana kidogo. Sasa hivi si wanalipwa rasmi? Kijana wa maskini akipata milioni moja ya dola akiwa na miaka 18, kuna ubaya gani tajiri akitoa? Pesa ni yake. Mnalia nini?

#10 Mjomba wa Dallas

Sipingi kijana kulipwa. Nilishangilia siku ile. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote 9, iliiangusha NCAA kwenye kesi ya Alston kuhusu marupurupu ya masomo, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo wachezaji wakaruhusiwa kuuza jina na sura zao. Ilikuwa haki yao.

Shida ni nani aliyeiwahi hiyo haki. Kulitegemewa biashara za kawaida, duka la magari limlipe kijana atangaze. Badala yake matajiri mashabiki wakaunda mifuko. Kila chuo kikubwa kikawa na mfuko wake, uko nje ya chuo kwenye karatasi, lakini kazi yake ni kuvuta wachezaji. Texas Tech, Julai 2022, mfuko wao uliahidi dola 25,000 kwa kila mmoja wa wachezaji 100. Mmoja wa waanzilishi ni Cody Campbell, tajiri wa mafuta aliyewahi kuichezea timu hiyo. Novemba 2024 kwotabeki Bryce Underwood, yule wa kupanga na kurusha mpira, aliyekuwa ameshaahidi kwenda LSU, akageuka kwenda Michigan. Mfuko wa mashabiki wa Michigan ukamshukuru hadharani Larry Ellison, mwanzilishi wa kampuni ya kompyuta ya Oracle, na mkewe.

Wakati mwingine ahadi inatimizwa, kijana anatoka kwenye umaskini, nami naungana nawe. Sasa soma kesi ya Jaden Rashada.

Kwotabeki wa California. Mwishoni mwa 2022 alisaini mkataba na mfuko wa mashabiki wa Florida, dola milioni 13.85 kwa miaka minne. Akaacha Miami alikokuwa ameahidi kwenda. Kabla mwaka haujaisha, mfuko ukauvunja mkataba. Pesa haikuja. Januari 2023 akaomba kuachiliwa, akaenda Arizona State, kisha Georgia, kisha Sacramento State. Mei 2024 akafungua kesi dhidi ya Billy Napier, kocha wa Florida wakati ule, na mfadhili Hugh Hathcock, akidai walimdanganya ili asaini. Ni madai yake, sihukumu mtu. Lakini mkataba ulikuwepo, kiasi kilikuwepo, na pesa haikulipwa. Mtoto alikuwa na miaka 19.

Tajiri akiahirisha, anabaki tajiri. Kijana hana msimu mwingine wa kwanza.

#11 Kaka wa Iten

Niulize jambo tofauti. Mdogo wangu yuko chuo Marekani kwa riadha, mbio ndefu, ana viza ya mwanafunzi. Ameambiwa na wenzake Wamarekani kwamba nao wanapata pesa za jina. Yeye anaweza? Na hizi pesa za futiboli zinawahusu wakimbiaji wetu?

#12 Mjomba wa Dallas

Kaka, mwambie asisaini chochote kabla ya kumwona mtu wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake, na ikiwezekana wakili wa uhamiaji. Viza ya F-1 inabana sana kufanya kazi. Akitangaza bidhaa kwa malipo akiwa kwenye ardhi ya Marekani inaweza kuhesabiwa ni kazi isiyoruhusiwa, na kinachopotea hapo ni viza yenyewe.

Na ndiyo, zinawahusu. Juni 6, 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha maelewano ya kesi ya House, ambayo wachezaji waliishtaki NCAA kuhusu malipo. Wachezaji wa miaka iliyopita walipangiwa kulipwa kama dola bilioni 2.8 kwa miaka 10, na kuanzia Julai 2025 chuo kinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi kama dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Vyuo vingi vikubwa vinaelekeza kama robo tatu ya hizo kwenye futiboli. Ukomo wa idadi nao ukaja: futiboli wachezaji 105, mbio za nyika 17. Chuo kinachohangaika kutafuta hizo milioni 20 kinaangalia michezo isiyoingiza kitu, na riadha ni mojawapo. Kijana wenu anayetegemea ufadhili wa mbio yuko kwenye meza moja na kwotabeki, ila hana wa kumsemea.

#13 Lubum 243

Miye niko mutoto wa Lubumbashi, naishi Portland. Kwa jambo la viza, mukumbuke Oscar Tshiebwe, mutoto wa kwetu Lubumbashi, aliyecheza kikapu Kentucky na kuwa mchezaji bora wa vyuo mwaka 2022. Alikuwa na viza ya mwanafunzi. Timu ilipoenda Bahamas mwezi wa 8 mwaka ule, alifanya huko kazi zake za matangazo, kwa sababu hakuwa ndani ya Marekani. Mambo yalipangwa na watu wanaojua sheria. Si kila mutoto iko na watu kama wale.

#14 Mjomba wa Dallas

Umenikumbusha jambo zuri sana, ndugu. Tshiebwe alipangiwa na wataalamu kwa sababu tayari alikuwa nyota.

#15 Mwalimu wa Iringa

Sasa baada ya 2025 matajiri wamefungiwa au bado wapo?

#16 Mjomba wa Dallas

Wapo. Kilichoongezeka ni mlinzi wa geti. Mkataba wowote wa nje wa dola 600 au zaidi lazima uandikishwe kwenye mfumo unaoendeshwa na kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Deloitte, unaoangalia kama ni biashara ya kweli au ni mshahara uliovaa koti la tangazo. Mifuko ikapinga mara moja, na Julai 2025 masharti yakalegezwa kwa mifuko.

Angalieni sasa kampuni za viatu zinavyorudi. Kwa kuwa chuo kina ukomo wa kulipa, pesa ya nje iliyo halali inakuwa dhahabu. Na nani ana biashara ya kweli na mchezaji kuliko kampuni ya viatu? Tennessee walitangaza 2025 kwamba wanaiacha Nike na kurudi Adidas kuanzia 2026, na nafasi za wachezaji kulipwa kwa matangazo zilikuwa sehemu ya mazungumzo. Zamani kampuni ilimlipa kocha na chuo ili kijana avae. Sasa inaweza kumlipa kijana mwenyewe, na chuo kinachovaa chapa hiyo kinanufaika.

Halafu kampuni ikichoka inaondoka. UCLA walisaini na Under Armour 2016, dola milioni 280 kwa miaka 15, mkataba mkubwa kuliko wote wakati ule. Mwaka 2020, corona imepamba moto, kampuni ikajitoa. Chuo kilikuwa na mawakili, kikashtaki, wakamalizana 2022. Kijana wa miaka 17 atamshtaki nani?

#17 Binti Kigamboni

Mkuu umenifungua macho. Kwa hiyo unawashauri nini wazazi? Na dogo wenu imekuwaje?

#18 Mjomba wa Dallas

Sina shahada ya sheria, nasema ninayofanya kwa mtoto wa dada yangu.

Kila mtu mzima anayekaa karibu na dogo tunamuuliza nani anamlipa. Kocha wa mtaani tulimuuliza, akasema wazi kwamba kampuni inampa vifaa na nauli za timu, na kwamba hapokei zaidi ya hapo. Namheshimu kwa kujibu. Karatasi haisainiwi siku inapoletwa, hata iwe ya nini. Wakili tunamlipa sisi, dola 300 kwa saa moja, tulichangishana watu wanne. Alipofika ukurasa wa 4 akavua miwani, akauliza, "Huyu aliyewaletea hii amewahi kumwona mtoto akicheza?" Hatukujua.

Ahadi ya mdomo ya tajiri hatuihesabu. Tunaangalia kilichoandikwa, nani anakitia saini, na kinachotokea akikataa kulipa. Na tunamuuliza dogo swali ambalo hakuna mgeni aliyemuuliza: ukiumia goti mwaka wa kwanza, chuo hiki bado ungetaka kusoma? Mwanzoni alinuna. Juzi usiku ameniletea orodha ya vyuo vitatu na kozi alizoandika pembeni kwa penseli. Kimoja ni kidogo, hakina hata mfuko wa mashabiki. Anataka uhandisi wa maji.

Kuna mdau ameniuliza faragha kama tulirudisha viatu. Hapana. Jozi moja imeshambana, anavaa mdogo wake kwenda shule. Ile karatasi ipo kwenye droo ya jikoni kwa dada, chini ya bili za umeme, haijasainiwa. Yule mgeni alipiga simu wiki iliyopita. Dada alipokea, akamuuliza, "Umepata jibu la swali la kaka yangu?" Simu ikakatika.